Kijana wa miaka 14 anahema sana, haya mazoezi ya misuli ya kupumua yanasaidia kweli au ni biashara tu?

mama_wa_watatu:

Wakuu habari za saa hizi. Sijaja hapa kutafuta wa kunisema maana nimeshasemwa ya kutosha na ndugu, nataka tu anayejua anielekeze.

Nina mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka 14, juzi kapimwa kilo 86 na urefu mita 1.61. Mnene ndiyo, najua, na yeye anajua, kioo anakiona kila siku. Kilichonileta siyo unene wenyewe, ni pumzi. Akipanda ngazi za ghorofa mbili akifika juu hawezi kuongea, anashika ukuta kwanza, anahema mabega yanapanda na kushuka. Kipindi cha michezo zamani alikuwa anakipenda balaa, sa hivi anajitungia sababu, leo mguu kesho viatu, mwisho wa siku anakaa pembeni analinda mabegi ya wenzake. Wiki iliyopita kaniambia "mama mi mapafu yangu madogo, nilizaliwa hivi". Iliniuma jamani.

Sasa katika kupekuapekua mtandaoni nikakutana na tangazo la kifaa, kama filimbi hivi ina springi ndani, unakiweka mdomoni unavuta hewa kwa nguvu. Wanasema kinafanyisha mazoezi misuli ya kupumua, mapafu yanapanuka ndani ya wiki mbili na tumbo linaondoka. Hiyo ya tumbo hata mimi nimeguna. Ila la misuli ya kupumua limenikaa kichwani maana kuna sehemu nimesoma ni tiba kweli inafanywa hospitalini. Kwaiyo maswali yangu: mtoto mwenye uzito mkubwa mapafu yake yanakuwa na shida kweli au ni uvivu kama mjomba wake anavyosema? Na hayo mazoezi yanasaidia au naenda kutupa hela? Pumu hana, hajawahi kuambiwa ana pumu. Usiku analala vizuri tu, anakoroma kama baba yake lakini analala.

kasi_ya_duma:

Mtoto akimbie, basi. Mapafu hayapanuliwi na filimbi. Sisi vidude hivyo hatukuwa navyo na hatukuwa tunahema. Chukua simu, mtoe nje, mwezi mmoja utakuja kunishukuru.

nusu_pumzi:

@kasi_ya_duma mkuu hujawahi kuwa mnene wewe, unamwambia mtu anayezama "ogelea basi". Mama nakuja kuandika vizuri jioni, hii hadithi ni yangu kabisa.

fizio_wa_kifua:

Dada pole, na hongera kwa kuuliza kabla ya kununua. Kazi yangu ni fiziotherapia na sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni wa kifua, kwaiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Tuanze na uvivu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya milioni 390, na kati yao milioni 160 wana unene uliopitiliza. Mjomba awaambie wote hao ni wavivu. Kwa vipimo ulivyotoa uwiano wa uzito na urefu wa kijana wako unakuja kama 33, na kwa watoto namba hiyo haisomwi kama ya mtu mzima, inalinganishwa na chati ya umri na jinsia yake, na kwa mvulana wa miaka 14 yuko juu kabisa ya mstari wa unene uliopitiliza. Sisemi kukutisha, nasema ujue kwamba anahema kwa sababu ya kweli.

Sababu yenyewe ni hii. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana kama mwavuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi kinashuka, na ili kishuke lazima tumbo lipishe. Tumbo likiwa limejaa mafuta halipishi kirahisi, linakisukuma kiwambo juu, na juu ya kifua napo kuna mzigo ambao mbavu zinaubeba kila zinaponyanyuka. Matokeo yake hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi ya kawaida inakuwa kidogo kuliko inavyotakiwa, vijimirija vya hewa vya chini kabisa ya mapafu vinaelekea kujifunga, na mtoto anapumua juu juu na harakaharaka. Akilala chali ndo inazidi. Afu kumbuka kilo 86 kupanda ngazi ni kazi kubwa kuliko kilo 50 kupanda ngazi zilezile, misuli ya miguu inadai oksijeni nyingi zaidi na misuli ya kupumua yenyewe nayo inakula sehemu ya hiyo oksijeni. Ni kama gari limepakia mzigo, injini ni ileile.

Kwaiyo mwambie mwanao mapafu yake siyo madogo. Wengi wa vijana hawa ukiwapima kwa kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine, spairometri, ujazo wa mapafu unakuwa wa kawaida au hata zaidi ya kawaida kidogo. Kinachoonekana kwa baadhi yao ni kwamba mirija haijakua sambamba na mapafu, tangi kubwa bomba jembamba, hewa inatoka polepole. Na habari njema ni kwamba mapafu yanaendelea kukua mpaka karibu au kupita kidogo miaka 20, na ile hewa iliyobanwa inarudi mtu akipunguza uzito.

Sasa filimbi yako. Kifaa kipo na ni tiba halali, kinatumika kwa wagonjwa wa mapafu, wa moyo, wanaotolewa kwenye mashine za kupumulia, hata wanamichezo. Kinachofanya ni kuwekea pumzi upinzani ili kiwambo na misuli ya katikati ya mbavu ifanye kazi ngumu, kama unavyonyanyua chuma kwa mkono. Msuli ukizoezwa unapata nguvu, hilo halina ubishi. Ila uliozoezwa ni msuli, siyo pafu. Hakipanui mapafu na tumbo hakiligusi kabisa, aliyeandika hivyo anauza. Kwa watu wenye uzito mkubwa tafiti zilizofanyika nyingi ni ndogo na za wiki chache, zinaonyesha nguvu na ustahimilivu wa misuli ya kuvuta pumzi vinapanda, baadhi zinaonyesha mtu anatembea umbali mrefu zaidi ndani ya dakika 6, lakini uzito unabaki palepale. Mi natumia kama ngazi ya kwanza, mtoto anayeogopa kuhema anapata ujasiri kidogo wa kuanza kutembea, na hapo kwenye kutembea ndo dawa ilipo.

Namna yake kwa kawaida: tunapima kwanza nguvu yake ya kuvuta, inapimwa kwa sentimita za maji, yaani kipimo cha mkandamizo wa hewa, tunaanza na kama asilimia 30 ya hiyo. Mfano akivuta 80 tunaanza na 24. Pumzi 30 asubuhi, 30 jioni, amekaa wima, pua imebanwa, anavuta kwa nguvu na haraka anatoa taratibu. Kila wiki tunapima tena na kuongeza. Inachukua wiki 6 hadi 8, hizo wiki mbili za tangazo sahau. Akisikia kizunguzungu anasimama, maana yake anapumua haraka mno. Na asikiguse kabisa kama aliwahi kupasuka pafu, ana tatizo la ngoma ya sikio, kafanyiwa upasuaji karibuni au ana pumu isiyotulia. Ndo maana napenda aonekane na daktari kwanza kabla ya kifaa chochote, na hapo ulipoandika pumu hana "hajawahi kuambiwa", hiyo siyo sawa na kusema amepimwa akakutwa hana.

mama_K:

Nakazia hapo kwa fizio, mstari wake wa mwisho. Binti yangu alikuwa na miaka 13, mnene mnene hivi, akikimbia anakohoa. Tulipompeleka mara ya kwanza yule aliyetuona hakumwekea hata kipimo kifuani, alimwangalia tu juu mpaka chini akasema apunguze kula. Tukarudi nyumbani tukambana mwaka mzima mtoto wa watu, na kikohozi kiko palepale. Ilikuja kuwa pumu. Walimpulizisha kwenye mashine, wakampa dawa ya kuvuta, wakasubiri kama robo saa wakampulizisha tena, namba zikapanda kweli kweli. Nililia pale pale kwa ule mwaka niliomsema bure.

Cha kuangalia mama, kwa nilivyofundishwa: kama akimaliza kukimbia ndo kifua kinabana zaidi, zile dakika 5 au 10 baadae, kinatoa mlio, au anakohoa usiku wa manane, hiyo inanuka pumu. Akiwa mzito tu hana mazoezi, akipumzika dakika chache anarudi sawa, hakohoi. Siyo sheria lakini inasaidia cha kumwambia daktari.

fizio_wa_kifua:

@mama_K umeandika vizuri kuliko mimi. Na kuna ya tatu, kama anapovuta ndani ndo panatoa sauti na anashika koo badala ya kifua, inaweza kuwa nyuzi za sauti zinajibana wakati wa mazoezi, vijana wa umri huo wanapata na dawa ya pumu haiwasaidii. Upungufu wa damu nao usisahaulike.

nusu_pumzi:

Nimerudi. Mama mi nina miaka 19 sa hivi, nikiwa na 15 nilikuwa na kilo 98 kwaiyo mwanao ni mimi kabisa mpaka kwenye kulinda mabegi, tena mimi nilikuwa nayapanga kwa rangi lol.

Kitu watu wazima hawaelewi ni kwamba kuhema mbele ya watu ni aibu kuliko unene. Unene umeuzoea, ila ile sauti ya kuhema watu wote wanageuka. Kwaiyo unajifunza kukwepa. Mi nilikuwa nikifika juu ya ngazi nainama najifanya nafunga kamba za viatu mpaka pumzi irudi. Nilikuwa navaa viatu visivyo na kamba siku moja nikainama hivyohivyo, rafiki yangu akaniuliza unafunga nini, nikakosa jibu. Afu ukikwepa miezi sita hata kile kidogo ulichokuwa unaweza kinapotea, ndo unaamini una mapafu madogo kama dogo anavyosema.

Mi nilipewa kile kifaa na fizio wangu, siyo cha mtandaoni. Ukweli wangu mimi: wiki ya kwanza ni upuuzi mtupu, mate yanachuruzika, pua imebanwa, unasikia kama unanyonya hewa kupitia kitobo cha sindano, na dada yangu ananirekodi. Wiki ya tatu ya nne nikaona kitu, siyo kwamba sihemi, nahema, ila siogopi. Yani ile hofu ya "nitakufa hapa" ikapungua, nikajua hii ni pumzi tu na itarudi. Sijui ni msuli au ni akili, na sijali.

Kilichonisaidia zaidi lakini ni vitu viwili vya bure. Cha kwanza alinifundisha jinsi ya kurudisha pumzi, unainama mbele kidogo mikono juu ya mapaja, mabega unayalegeza, unavuta kwa pua unatoa polepole midomo umeibana kama unapoza kitu cha moto. Kumbe nilipokuwa najifanya nafunga kamba nilikuwa nusu nafanya chenyewe bila kujua! Cha pili ni kutembea kwa vipande, dakika moja haraka mbili taratibu, dakika moja haraka mbili taratibu, peke yangu, jioni, hamna mtu wa kuniangalia. Nilianza na raundi tano nikafika ishirini. Kuogelea pia nilipenda sema hapo kuna suala la kuvua shati, msimlazimishe.

Uzito ulipungua baadae sana na siyo kwa sababu ya kifaa. Na sijawa mwembamba, ila ngazi napanda huku naongea na simu.

Ombi moja mama, usimhesabie. Mama yangu alikuwa anasimama mlangoni "umeshafanya thelathini?" nikawa nahesabu kwa sauti huku hata sivuti.

kasi_ya_duma:

Sawa dogo nimekusoma. Sikujua hiyo ya kamba za viatu. Ila bado nasema atoke nje, nyie wote mmemaliza kwa kutembea.

silali_tena:

Samahanini wakuu naona mmepita kitu. Mleta mada kaandika mwishoni "anakoroma kama baba yake lakini analala". Mama, anakoroma kila siku? Kuna wakati mkoromo unakatika kimya, afu anashtuka kama mtu aliyekabwa, anaendelea? Asubuhi anaamka kichwa kinamuuma? Anasinzia darasani?

Nauliza kwa sababu hiyo ndo iliyonikuta kwa kijana wangu na kwangu mwenyewe. Njia ya hewa kooni inajifunga mtu akilala, hasa mwenye mafuta shingoni au tonsili kubwa, oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha nusu, hajui, inarudiwa usiku kucha. Anaamka amechoka kuliko alivyolala. Sasa mtoto wa namna hiyo mchana utamwambia akimbie na nini? Anakaa, anasinzia, anaongezeka uzito, usiku inazidi. Wengine wanakuwa wakali tu na hasira, au wanakojoa kitandani umri umeshapita na wanaficha. Kijana wa umri wake anatakiwa alale masaa 8 mpaka 10 na yawe usingizi kweli.

Fanya hivi, usiku mmoja kaa chumbani kwake na simu, mrekodi nusu saa hivi, ile sauti mpelekee daktari. Maneno yetu wazazi wanayachukulia juu juu, ila daktari wetu aliposikia ule ukimya wa sekunde kumi na kitu katikati ya mkoromo aliacha kuandika, akaomba aurudie.

mama_wa_watatu:

Jamani nimesoma zote, zingine mara mbili. @silali_tena umenifanya nikae macho. Ndiyo anakoroma kila siku na mdogo wake alishahama chumba kwa ajili hiyo, tukawa tunacheka. Leo namrekodi.

@fizio_wa_kifua ahsante sana kaka, naomba nisumbue tena kidogo. Kuna jirani kaniambia nimpe apulize maputo, mwingine kasema kuna kile kidude cha plastiki chenye vimpira vitatu vinavyopanda wanampa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Hivyo si rahisi kuliko hicho cha springi? Na akihema baada ya ngazi nimwache tu aendelee au nimsimamishe, maana naogopa.

fizio_wa_kifua:

Maputo ni kutoa hewa, na shida ya kijana wako kubwa iko kwenye kuvuta. Halitamdhuru, ila akipuliza kumi mfululizo atapata kizunguzungu tu. Kile cha vimpira kazi yake ni kumfanya mgonjwa aliyelala avute pumzi ndefu ili sehemu za chini za mapafu zifunguke, upinzani wake ni mdogo, kwaiyo nguvu ya msuli hakijengi sana. Watu wanavichanganya kila siku kwa sababu vyote ni plastiki na vyote vinaenda mdomoni.

Kama unataka cha kuanzia leo bila kununua kitu, mkalishe ameegemea nusu, siyo chali, nimeshakueleza chali inambana. Mkono mmoja kifuani mmoja tumboni, avute kwa pua mpaka mkono wa tumboni unyanyuke, wa kifuani utulie, atoe midomo imebanwa na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Dakika 5, mara mbili kwa siku. Hii haijengi nguvu kama kifaa lakini inamfundisha kuacha kupumulia mabega. Umeandika mwenyewe mabega yanapanda na kushuka, hiyo ni misuli ya shingo inafanya kazi ya kiwambo, inachoka upesi.

Kuhusu kuhema: kuhema kwenyewe siyo hatari, ni mwili unafanya kazi. Kipimo changu ni mdomo wake. Akiweza kuongea sentensi lakini hawezi kuimba, hapo ndo panapotakiwa, aendelee. Akitoa neno moja moja apunguze mwendo, asikae chini ghafla, atembee taratibu. Ila midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu, kifua kikiuma, akizimia au akitaka kuzimia, au mlio wa kifuani hautulii akipumzika, hapo siyo mazoezi tena, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa wastani mpaka mkali. Usimwanzishie 60. Anza na 10 na uzikate vipande kama alivyofanya @nusu_pumzi. Na mazoezi ya nguvu, kuchuchumaa, kusukuma ukuta, vijana wazito mara nyingi wanayaweza kuliko wenzao wembamba, mwache ashinde kitu kwanza.

Na hiyo rekodi ya usiku usiiache. Mimi niliipita kabisa, nakiri, niliona ngazi nikasahau kitanda.

mama_wa_watatu:

Wiki saba zimepita, nilisema nitarudi.

Rekodi nilichukua. Nilikaa kwenye kiti gizani nikahesabu kimya kimoja mpaka 14, nikawa nimeshasimama kumwamsha akashtuka mwenyewe. Daktari alisikiliza akatuandikia kipimo cha usingizi, alilala huko na waya kichwani na kifuani anasema anajiona roboti. Ana hilo tatizo la koo kujifunga, na siyo dogo. Tonsili zimeonekana kubwa pia kwaiyo anaenda kuonwa na wa masikio, pua na koo, wametuambia wakitoa inaweza kusaidia ila kwa uzito wake huenda isiishe yote, na kwa sasa amepewa mashine ya usiku yenye kinyago inayosukuma hewa. Pumu walipima, hana. Ujazo wa mapafu ni wa kawaida kabisa, nikamwonyesha karatasi, "haya mapafu madogo yako wapi?" Akachukua karatasi akaiweka kwenye begi la shule. Sijui anataka kumwonyesha nani.

Kifaa cha springi fizio wa huko kampa, alivuta 71 mwanzo, sa hivi anavuta 88. Simhesabii. Nahesabu nikiwa jikoni yeye haoni. Ngazi bado anahema lakini hashiki ukuta, anasimama tu kiunoni mikono. Kilo imepungua moja na nusu, mjomba kasema ndo nini hiyo, sikumjibu.

Sasa shida yangu mpya ni kinyago. Anakivaa masaa mawili anakivua usingizini bila kujua, asubuhi nakikuta chini ya kitanda, na anasema kinamkausha pua. Kuna mwenye kijana aliyekizoea? Mlifanyaje?

silali_tena:

Wa kwangu kilimchukua mwezi. Tulianza kumvalisha mchana akiwa macho anaangalia video, bila kulala, nusu saa, mpaka akasahau kama anacho. Pua kukauka waambie wakuwekee ile sehemu ya maji yenye joto kwenye mashine, na muulize kama saizi ya kinyago ni yake kweli, cha kwetu cha kwanza kilikuwa kikubwa kinavujisha hewa machoni ndo maana alikuwa anakivua. Kama mashine yenu inahifadhi kumbukumbu ya masaa mwonyeshe yeye mwenyewe asubuhi, siyo wewe umsomee.